Kutishwa kwa Tiketi: Wiki ya Mizuka Kusini mwa California

Jumanne, Los Angeles

Ohio nimeacha watu wameshavaa makoti; hapa Oktoba inaingia na watu bado wanaburuza kandambili. Mpwa wangu Nuru kanipokea uwanjani na "shikamoo mjomba" ya mbio mbio, na kabla begi halijaingia kwenye buti tayari ameshika simu ananionyesha ratiba. Anasoma Long Beach, na huu ndio msimu wake. Tangu Julai ananisihi nije.

Kwa asiyeijua biashara hii: kuanzia Septemba hadi Halloween (sikukuu ya vitisho ya Oktoba 31) au siku chache baadaye, baadhi ya bustani kubwa za burudani huku huwatoa wageni wa mchana mapema, halafu hufungua tena usiku kwa tiketi nyingine kabisa. Ndani yake hujengwa mizingile, yaani vichochoro vya giza vilivyopindapinda ndani ya maghala na mahema makubwa. Unaingia upande huu, unatokea ule, na njia nzima kuna watu waliopakwa rangi na kuvishwa ngozi za mpira wakikuvizia. Nje nako kuna mitaa ambamo mizuka hutembea huria katikati ya wageni. Kanuni inayoibeba shughuli yote ni moja: hawakugusi, na wewe usiwaguse.

Nuru amekwepa Ijumaa na Jumamosi kwa makusudi. Usiku wa wikendi tiketi ni ghali zaidi na watu ni nyomi, unaweza kupoteza usiku mzima umesimama. Tiketi zetu ni za Alhamisi na Jumapili. Rafiki yake Achieng', binti wa Kisumu anayekaa naye, atakuwa nasi. Ameshanitahadharisha: "Uncle, mimi napiga nduru. Usishtuke."

Jumatano, Long Beach

Wasichana wana vipindi, kwa hiyo nimeshuka ufukweni peke yangu kutafuta mahali palipokuwa na The Pike. Siku hizi ni maduka ya nguo, migahawa na gurudumu la kupanda watu, lakini zamani hapa palikuwa na uwanja wa burudani ulioanza mwanzoni mwa karne ya 20 na kufungwa mwaka 1979. Palikuwa na kibanda cha kutisha: unapanda kigari, kinakupitisha gizani, vinyago vinakurukia.

Desemba 1976 kikundi cha televisheni kilikuja kupiga picha ndani ya kibanda hicho. Kulikuwa na kinyago cha mtu aliyenyongwa, kimepakwa rangi ya kung'aa. Fundi mmoja akakisogeza, mkono ukakatika, na ndani ya mkono mkaonekana mfupa. Kumbe miaka yote hiyo watu walikuwa wakipiga kelele na kucheka mbele ya maiti ya mtu kweli.

Marehemu alikuwa Elmer McCurdy, jambazi asiye na bahati aliyepigwa risasi na askari huko Oklahoma mwaka 1911 baada ya kuiba kwenye treni. Mzika maiti alimtia dawa ya kuhifadhi mwili yenye sumu ya aseniki, hakujitokeza ndugu, akaanza kumwonyesha kwa watu. Baadaye wakatokea waliojidai ndugu zake, wakamchukua, na walikuwa watu wa maonyesho. Tangu hapo akawa anauzwa na kuazimwa mkono kwa mkono hadi kila mtu akasahau kuwa ni binadamu. Wapasuaji walimkuta mdomoni na sarafu ya mwaka 1924 na vipande vya tiketi. Alizikwa Guthrie, Oklahoma, Aprili 1977, na juu ya jeneza wakamwaga zege ili asije akaondoka tena.

Nimesimama pale kwenye maegesho nikajaribu kukisia kibanda kilikaa wapi. Hakuna alama niliyoiona. Nimenunua kahawa, nimerudi nyumbani.

Alhamisi, Buena Park

Hapa ndipo penyewe. Ukiniambia nichague usiku mmoja tu wa safari hii, ni huu, kwenye shamba la Knott, ambalo siku hizi ni bustani ya burudani.

Tumefika saa kumi na moja jioni ili tule kwanza, maana historia ya mahali hapa imeanzia mezani. Walter Knott alikuwa mkulima wa matunda madogo aina ya beri. Miaka ya mwanzo ya 1930 aliifufua miche ya tunda chotara lililotelekezwa na mtu aitwaye Rudolph Boysen, akaliita boysenberry. Mwaka 1934 mkewe, Cordelia, alipika kuku wa kukaanga na kuwaandalia wateja wanane kwenye sahani zake za harusi, kwa senti 65 mtu. Habari zikaenea, foleni ya kuku ikawa ndefu kupita kiasi. Mwaka 1940 Walter akaanza kujenga mji wa mahame wa enzi za wachimba dhahabu, majengo mengine akiyang'oa kwenye vijiji vilivyohamwa na kuyaleta hapa, ili wenye njaa wapate cha kutazama wakisubiri meza. Kwa hiyo bustani yote hii, na mizuka yake, imezaliwa na foleni ya chakula. Kuku bado yupo. Pai ya boysenberry ina uchachu mzuri. Achieng' kala vipande viwili.

Oktoba 1973 ndipo walipojaribu Halloween kwa mara ya kwanza, usiku tatu tu, wafanyakazi wakavaa vinyago na kuzagaa kwenye ule mji wa mahame. Watu wakafurika. Hawajawahi kuacha isipokuwa mwaka 2020 wa korona, na bustani nyingi za Marekani zinazofanya jambo hili zimefuata nyayo zao.

Getini saa moja usiku unapekuliwa, na ukija umevaa kinyago unarudishwa. Mantiki yake ni nyepesi: gizani kila mtu lazima ajue nani ni mzuka wa mwajiri na nani ni mlevi wa mtaani.

Kisha ukungu. Mashine zimefichwa chini ya mabaraza na nyuma ya mapipa, zinamwaga moshi mweupe mpaka hauoni viatu vyako. Hakuna damu iliyomwagwa, hakuna maiti zilizoning'inizwa. Kuna mbao kuukuu, taa hafifu za njano, na mtaa mpana ambamo ukisimama unasikia chuma kikikwaruza sementi mahali fulani, hujui upande gani.

Hao wanaokwaruza ndio fahari ya shamba hili. Mchezaji amevaa makinga-magoti mazito na glavu zilizopigiliwa chuma. Anakimbia kwa kasi, anajitupa kwa magoti, anateleza juu ya viganja na mwili umelala karibu na ardhi, na cheche zinaruka vidoleni. Mchezo huo uliota hapa hapa, wafanyakazi wakifundishana, kisha ukasambaa nchi nzima.

Nimemtazama mmoja kwa makini. Alikuwa na koti refu na uso wa mzee aliyekaushwa, na alishamchagua Achieng' kitambo. Lakini hakumwangalia. Alipita mbele yetu taratibu akimkodolea macho mwanamume mwingine mwenye kofia, mpaka sisi wote tukamgeukia huyo mwenye kofia tukingoja aruke. Mzee akayeyuka kwenye ukungu. Tukatembea. Nikahesabu hatua moja moja nikijua anarudi, na bado sikujua atarudi wapi. Aliteleza kutoka nyuma, upande wa kushoto, akasimama hatua moja kutoka kwenye kisigino cha Achieng', kimya, kisha akagonga glavu zake mara moja. Nduru aliyoahidi tuliipata. Mzee alishanyanyuka na kwenda zake kabla haijaisha, bila hata kugeuka kutazama kazi yake.

Kwenye foleni ya mzingile wa pili tulisimama na bwana wa makamo aliyesema aliwahi kuteleza mtaa ule ujanani. Akakunja suruali, akatuonyesha makovu ya magoti kwa fahari ya askari mstaafu. Nuru akamuuliza siri ni nini. Akasema ndani ya mzingile usimtishe wa kwanza kwenye kundi. Wa kwanza akishtuka anarudi nyuma, anawakanyaga wenzake, njia inaziba, na kila aliye nyuma yao ataona mzuka umeshatokea. Mtishe wa pili au wa tatu, tena kwa nyuma, ili akimbilie mbele na kuwasukuma wenzake. Unapata vilio vitatu kwa kazi moja, na foleni inatembea. "Sisi tulikuwa askari wa trafiki," akasema.

Baada ya kuyasikia hayo niliingia ndani nikiwa mpelelezi. Nikaona mambo. Picha ya bibi ukutani, fremu nzito, taa yake inang'aa kuliko inavyohitajika: hiyo ni ya kukuvuta macho kulia. Kushoto ukuta umepakwa weusi na una kidirisha kilichofungwa kwa kibao. Mchezaji yuko nyuma ya kibao. Anakanyaga swichi ya mguuni, kibao kinaanguka, mlio unalipuka kutoka kwenye spika iliyo usawa wa sikio lako, taa inamweka, uso unachomoza, na sekunde mbili baadaye kibao kimepanda tena na yeye anasubiri wengine. Atafanya hivyo usiku kucha, kwa kupokezana zamu na mwenzake. Nilijua yote haya, nilikiona kibao, na mabega yangu yaliruka vile vile.

Jambo jingine niliona kwa sababu nililitafuta: mabomba ya kunyunyizia maji darini, alama za mlango wa dharura kila baada ya kona chache, na mfanyakazi aliyevaa nguo nyeusi na tochi akiwa amejibanza kwenye pembe. Mei 11, 1984, jumba la kutisha katika bustani moja ya Jackson, New Jersey, liliungua, wakafa vijana wanane. Lilikuwa limeunganishwa kwa matrela, kuta zimebandikwa sponji, hakuna mabomba wala vitambua moshi. Baada ya pale Marekani ilikaza sheria za majengo ya aina hii. Kwa hiyo ukiona taa ya mlango wa dharura inakuharibia giza, iache iharibu.

Tumetoka karibu saa saba usiku. Achieng' hana sauti.

Ijumaa, Anaheim

Tumelala hadi jua limepanda, kisha Disneyland mchana, kwa sababu Nuru anashikilia kwamba huwezi kuzungumzia nyumba za kutisha bila kuingia Haunted Mansion. Ilifunguliwa Agosti 9, 1969, na tangu 2001 karibu kila msimu wa Halloween huvishwa mapambo ya Krismasi ya kimzaha hadi Januari, pamoja na jumba la keki ya tangawizi kwenye ukumbi wa dansi ambalo kila mwaka hubuniwa upya. Haitishi. Watoto wa chekechea wanaipenda. Lakini mafundi wake wanastahili kuvuliwa kofia.

Unaanzia kwenye chumba chenye pembe nane ambacho kuta zake zinarefuka. Ni lifti. Sakafu inashuka nawe, kwa sababu jengo lenye safari yenyewe liko nje ya reli inayoizunguka bustani, na walihitaji njia ya kukupitisha chini ya reli bila wewe kujua. Hitaji la mjenzi likageuzwa kituko. Huko Florida, walikojenga nyumba ya pili bila kikwazo hicho, sakafu imetulia na dari ndiyo inayopanda.

Ukumbi wa dansi ndio kilele. Unapita juu, roshani, na chini yako mizimu ambayo macho yanaipenya hadi upande wa pili inazunguka kwa jozi. Ujanja huu alionyesha John Henry Pepper jijini London mkesha wa Krismasi wa 1862, kutokana na wazo la mhandisi Henry Dircks. Umewahi kukaa dirishani kwenye basi la usiku ukaona uso wako unaelea juu ya mashamba ya mkonge? Ndiyo hiyo hiyo. Kati yako na ukumbi kuna kioo kikubwa mno. Wanasesere wenyewe wako mahali usipoweza kupaona, juu na chini ya njia yako; wakimulikwa, taswira yao inakaa kwenye kioo, na kupitia kioo hicho hicho unaona meza na viti halisi. Ukizima taa yao, hawapo. Hakuna kompyuta hapo hata moja inayohitajika.

Nuru alitaka tupange foleni tena. Tukapanga.

Jumamosi, nyumbani

Mapumziko. Tumepika pilau, na mazungumzo yakaangukia pale nilipojua yataangukia. Achieng' kauliza kama sisi watu wa pwani hatuoni haya kulipia mizimu wakati kwetu tunayo ya bure.

Nikawaeleza Popobawa. Mwaka 1995 nilikuwa mtoto Tanga, na habari zilivuka bahari kutoka Pemba: kuna kitu kinawaingilia watu usiku majumbani. Huko visiwani watu walilala nje kwa makundi, wakiota moto, maana ilisemekana hakiwapati walio pamoja. Kwetu hakikufika, lakini mama alihamishia magodoro yetu yote chumba kimoja. Hofu ile haikuwa na mlango wa kutokea wala mtu wa tochi kwenye pembe.

"Sasa wakijenga mzingile wa Popobawa hapa," Nuru akasema, "wewe mjomba ungeingia?"

Nikamwambia ningeingia, ila nisingemwambia bibi yake. Mwaka 2011 watu wa studio ya filamu ya Universal waliwahi kuleta mzingile wa La Llorona, yule mwanamke wa simulizi za Mexico anayelilia wanawe aliowazamisha. Nusu ya jiji hili imekua ikitishiwa na huyo mama, na kwa anayemjua tangu utotoni mlango ule una uzito mwingine. Mpira na rangi vinafanya kazi nusu. Nusu nyingine umekuja nayo mwenyewe.

Nuru, ambaye anasomea saikolojia, akaleta utafiti uliochapishwa 2020. Watafiti wa Denmark waliwafunga wageni 110 vipima moyo ndani ya nyumba moja ya kutisha huko Vejle, wakawauliza walivyofurahia. Waliofurahia zaidi walikuwa wa kati: hofu kidogo mno inachosha, nyingi mno inakera. Achieng' akasema huo utafiti angewafanyia bure.

Jumapili, Universal City

Universal Studios iko mlimani, na ngazi za umeme ndefu zinaunganisha sehemu ya juu na ya chini; magoti yangu yanazishukuru. Halloween Horror Nights ya hapa imekuwa ikifanyika kila mwaka tangu 2006, tena ukiacha 2020, na nguvu yake ni kwamba ni studio ya filamu. Mizingile mingi ni filamu au tamthilia unayoijua, imejengwa upya kwa vipimo halisi: jiko lenye friji iliyooza, njia ya hospitali, harufu ya udongo mbichi inayopuliziwa kwa mashine. Kwa ufundi wa kuta, vitambaa na nyuso, sijaona mfano wake. Kuna chumba ambacho ningelipa kukaa peke yangu nusu saa nikitazama tu.

Hilo ndilo lisilowezekana. Umati ni mkubwa na mnapitishwa kwa mfululizo, bega kwa mgongo, na aliye mbele yako akishtuliwa na kibao cha kulia, wewe umeshaona kibao cha kulia. Mara tatu nilifika mchezaji ndiyo kwanza anarudi kwenye tundu lake. Hayo si makosa ya mtu. Ndivyo kichochoro kilivyo. Kichochoro kina muda wake na mzuka ni mtumwa wa muda huo. Yule mzee wa Alhamisi alikuwa na mtaa mzima na dakika zake mwenyewe, akaamua lini.

Kilichonifurahisha zaidi hapa ni treni ya vitisho. Mchana magari haya huwapitisha watalii kwenye viwanja vya kupigia filamu. Usiku huu yanawashusha gizani mtembee kwa miguu. Unapita chini ya nyumba ile ya kilimani iliyojengwa kwa ajili ya filamu ya Psycho ya mwaka 1960, na moteli yake pembeni. Baadaye unaingia kwenye mabaki ya ndege halisi aina ya Boeing 747 iliyokatwakatwa kwa ajili ya filamu nyingine ya 2005, viti vimetapakaa kwenye matope, injini imelala ubavu. Ilikuwa ndege ya watu, ikanunuliwa, ikakatwa. Kwenye nafasi hiyo pana mizuka ilipata uhuru wa kutoka popote.

Kisha misumeno ya petroli. Mnyororo umeondolewa, kila mtu anajua umeondolewa, imetangazwa na kuandikwa. Lakini mngurumo ni wa kweli na harufu ya mafuta ni ya kweli, na miguu haisomi matangazo. Kijana mmoja mwenye misuli, aliyekuwa akimcheka Achieng' tangu getini, alipanda juu ya benchi. Achieng' alimpiga picha.

Jumatatu, njiani kuelekea uwanjani

Ubishi ulianza kwenye barabara kuu na haukuisha. Nuru anasema Universal imeshinda, kwa sababu kwake mzingile ni jengo, na hakuna anayejenga kama wao. Mimi nasema ukungu na mtu mmoja mwenye subira vinatosha.

"Mjomba, wewe unapenda kutishwa bei rahisi."

"Tiketi ya Alhamisi umeona ilikuwa rahisi?"

Achieng', sauti bado imekwaruza, akasema sote hatujui kitu. Aliyemtisha kuliko wote ni dada wa kwenye mgahawa wa kuku, aliyetokea nyuma yake ghafla na jagi la maji.